Mlango wa Ghala la Baruti

Kuku aliyechinjwa asubuhi ile hakuwa wa kitoweo. Imakulata alilijua hilo kabla hajaambiwa, maana mwanamume akija jikoni akaomba ini peke yake na kuyaacha mapaja, basi ana jambo lake. Alilibanika lile ini juu ya makaa, akalikata vipande viwili kama alivyoagizwa, akalipeleka uani juu ya jani la mgomba.

Uani waliketi wanaume watatu. Mmoja ni mdogo wake, Eustace, mwimbaji wa kwaya ya misheni kule Tabora, kifua wazi, uso ameukunja kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Wa pili ni mwenye nyumba, mzee Lugembe, Mnyamwezi mwenzao aliyeletwa huku ziwani na vita vya Wadachi na Waingereza, vita vikaisha na yeye asirudi kwao. Wa tatu ni jirani yake Mahona, aliyeitwa kwa kazi moja tu: kutamka maneno ya kiapo.

“Lazima, baba?” Imakulata aliuliza. “Sisi ni Wakristo. Padri akisikia habari hizi hatatuelewa.”

“Padri hapandi kilima kile,” Lugembe alijibu. “Ninayepanda ni mimi. Na siingii kwenye mahandaki ya Wadachi na mtu ambaye sijachanjana naye. Mle ndani kuna mashimo, kuna nyoka, kuna kuta zinazongoja mtu akohoe tu ziporomoke. Mgeni ataniacha nife. Ndugu hataniacha.”

Maneno matamu hayo, na yenye akili. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga wamesema hadi midomo ikachoka, lakini ni nani hukagua nguo zake asubuhi mbele ya mwenyeji wake?

Mahona akatoa wembe. Akamchanja Eustace kifuani chini ya ziwa la kushoto, akamchanja Lugembe vivyo hivyo, damu ya kila mmoja akaipaka kwenye kipande cha ini. Eustace akala damu ya Lugembe, Lugembe akala damu ya Eustace. Wakati wakitafuna, Mahona alisimama nyuma yao, akawa ananoa kisu kwenye ubapa wa panga juu ya vichwa vyao, na kwa kila mkwaruzo akisema neno.

“Ukimwaga damu ya ndugu yako, tumbo lako livimbe lipasuke. Adui yake akija, ni adui yako. Ukimwona anapigwa ukakaa kimya, mkono wako ukauke. Akifa, umzike wewe kwa mikono yako.”

“Na mimi je?” Imakulata aliuliza. “Mimi pia naingia humo ndani.”

Mahona alicheka hadi akapaliwa. “Mwanamke achanjwe na nani, mayu, mama yangu? Wewe umepika ini, inatosha.” Lugembe naye akacheka, akajifuta damu mdomoni kwa kiganja.

Kilichowaleta Imakulata na mdogo wake hadi uani hapo kilikuwa kimoja, nacho ni mifupa ya baba yao. Bernardo alikamatwa na Wadachi wakati wa vita, akatwishwa mzigo, akaondoka Tabora na wapagazi wenzake kwa njia ile ile ya zamani ya misafara kuelekea ziwani. Wake wa wapagazi wengine walipata habari za kifo, wakalia, wakanyoa, wakaanua matanga, maisha yakaendelea. Mkewe Bernardo, Apolinaria, hakupata hata uvumi. Tangu siku hizo alilala chini, kwenye ngozi, sebuleni kwake, na kila aliyemsihi apande kitandani alimjibu kwamba huwezi kuanua matanga ya mtu asiye na kaburi. Imakulata alikuwa binti mdogo vita vilipokwisha. Sasa alikuwa mwanamke mzima aliyeolewa, na mama yake bado yuko chini.

Kisha, masika yaliyopita, mpagazi mmoja mgonjwa aliyekuja kufia misheni akasema kwamba Bernardo hakufia njiani. Aliachwa Kilima cha Mizinga, ngome ambayo Wadachi waliijenga juu ya Ziwa Tanganyika ili kuzuia maboti ya Wabelgiji. Aliachwa na wagonjwa wengine, miguu imeoza kwa funza. Zaidi ya hapo yule mtu hakujua.

“Nileteeni mume wangu nimzike,” Apolinaria aliwaambia watoto wake, “niinuke hapa chini kabla sijazikwa mimi.” Akawapa na alama ya kumtambulia: meno mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yamechongwa katikati, yakaacha pengo la pembe tatu. Imakulata alisafiri na alama hiyo kichwani kama mtu aliyebeba yai. Walipanda treni, wakapita Usinge na mbuga za Malagarasi, wakashuka Kigoma, wakaulizia Ujiji mzima. Kila waliyemwuliza alisema neno moja: anayeijua ngome ile ni Mnyamwezi mwenzenu, Lugembe, anakaa chini ya kilima, mwendo wa asubuhi hadi adhuhuri kwa pwani ya ziwa.

Walipanda kilima jua likiwa bado la upole. Barabara waliyoichonga Wadachi ilikuwa imemezwa na nyasi, lakini mguu uliitambua, kwa kuwa chini palikuwa na kokoto zilizoshindiliwa. Lugembe alitangulia na panga lake. Eustace alibeba kandili na jembe, Imakulata alibeba sururu begani na mkeka mpya kichwani, mkeka wa mtu mmoja.

Handaki la kwanza lilikizunguka kilima upande wa ziwa. Kuta zake za mawe zilikuwa na matundu ya bunduki, membamba kwa nje na mapana kwa ndani, na kwenye kila tundu ziwa lilionekana likimetameta huko chini. Eustace alipachika jicho kwenye tundu moja, akasema mtu akikaa hapa anaweza kumpiga mvuvi kwenye mtumbwi wake bila kujikuna. Kenge mkubwa alikuwa ameota jua kwenye sakafu ya handaki. Lugembe hakumfukuza wala hakumkwepa. Alimkata kichwa kwa pigo moja, kisha akamkata tena mgongo, na tena mkia, ingawa alikwisha kufa. Imakulata hakupenda jinsi alivyofanya.

“Anakuletea nuksi gani huyo?” aliuliza.

“Hapendezi tu,” Lugembe alisema.

Juu kabisa palikuwa na jukwaa la mzinga, duara la saruji lenye vyuma vya kufungia vilivyoota kutu. Mzinga wenyewe Wadachi waliulipua walipokimbia. Mtutu wake ulilala kwenye magugu, umepasuka mdomoni na kuchanua. Lugembe aliwaeleza kila kitu kwa majivuno, kama mwenye nyumba mpya anayewatembeza wageni: hapa alisimama mpiga mizinga, hapa palipikwa chakula cha wakubwa, hapa chupa zao zilitupwa, na kweli vigae vya chupa vilijaa tele. Akawaonyesha makaburi mawili ya Wadachi yenye misalaba ya chuma.

“Na wapagazi?” Imakulata aliuliza.

“Huko bondeni. Walitupwa tu. Fisi wamekwisha fanya yao. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia, binti yangu, sikuipata.”

Eustace aliinamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba. Lakini Imakulata alikuwa mtoto wa kinyume tangu tumboni. Ukimwambia njia hii imefungwa, ndiyo atakayoipita. Tangu walipofika juu alikuwa amemwona Lugembe akizunguka nyuma ya jukwaa la mzinga kwa mbali, kama mtu anayekwepa mbwa mkali. Akaenda palepale. Palikuwa na kifusi cha mawe kilichoteremka kutoka kwenye mlipuko, na juu ya kile kifusi kulikuwa na mawe mengine. Yale ya chini yalianguka ovyo, mengine yamelala, mengine yamesimama. Ya juu yalipangwa. Mtu aliyaleta kwa mkono, jiwe juu ya jiwe, kama ukuta wa zizi.

Alitua mkeka, akapiga sururu.

“Usichimbe hapo!” Lugembe alipaza sauti. “Patakuangukia!”

“Paniangukie,” Imakulata alisema, akapiga tena.

Eustace, ambaye hakujua kitu, aliona aibu kumwona dada yake akifanya kazi peke yake. Akavua shati, kidonda cha chanjo kikiwa bado kibichi kifuani, akaanza kuyabingirisha mawe. Lugembe alisimama akiwatazama. Jua lilipofika utosini, kiza kilitokea kati ya mawe, halafu ngazi za saruji zinazoshuka, na chini ya ngazi mlango wa chuma.

Ulikuwa mlango wa ghala la baruti, mzito, umepakwa rangi ya kijivu iliyobanduka. Katika masikio yake mawili ulipitishwa mtaimbo, na mtaimbo huo ulikuwa upande wa nje, huku waliposimama wao. Eustace aliushika, akauacha. Akawasha kandili ingawa mchana ulitosha.

“Kwa nini ghala tupu lifungwe hivi?” aliuliza.

Imakulata alikuwa amechuchumaa. Kwenye kizingiti, chini ya ukingo wa mlango, katika vumbi, kulikuwa na vifupa vidogo. Alidhani ni vya kuku. Aliviokota, akavipanga kiganjani, vikapangika: kiungo, kiungo, kiungo. Vilikuwa vidole vya mtu. Vilikuwa vingi kuliko vidole vya mkono mmoja, na vyote vilikuwa upande huu wa mlango.

Waliuchomoa mtaimbo, wote wawili wakivuta, kutu ikilia. Mlango ulifunguka nusu. Harufu haikuwepo tena. Miaka ilikwisha kuila. Ndani, kando ya kuta zote, watu walikuwa wameketi na kulala jinsi walivyokata roho, mifupa mitupu yenye vipande vya magunia. Mmoja alikuwa amejikunja mlangoni kabisa, na ilibidi wamsukume ili waingie.

Imakulata hakulia. Alikuwa na alama ya mama yake, na alama ile ilimpa nguvu. Akainua fuvu la kwanza, akalisogeza kwenye kandili, akaona pengo la pembe tatu kati ya meno mawili ya mbele. “Eustace! Ni yeye! Ni baba!” Akalikumbatia, akalibusu paji la uso, akalilaza kwenye mkeka. Kisha Eustace, aliyekuwa upande wa pili, akasema kwa sauti ndogo, “Dada. Na huyu.” Fuvu alilolishika lilikuwa na pengo lilelile. Na la tatu. Na lililofuata. Wanaume wa rika lile walichongwa meno kwa mtindo mmoja, nyumba kwa nyumba, na mama yao, aliyewahi kukitazama kinywa kimoja tu kwa mapenzi, hakuwahi kufikiri kwamba vinywa vyote vilifanana.

“Ni Wanyamwezi watupu,” Lugembe alisema nyuma yao. Alikuwa ameshuka ngazi, amekaa kwenye ya mwisho, panga mapajani. “Niliwachagua mimi mwenyewe. Nawajua wote, mmoja mmoja, kwa jina. Na kila mmoja najua alipokaa.”

Ndipo alipoyasema, na aliyasema bila kusitasita, kama mtu anayetapika baada ya kujizuia siku nzima. Yeye ndiye aliyekuwa nyapara wa wapagazi wa ngome. Habari zilipofika kwamba maboti ya Wabelgiji yanavuka, Wadachi waliamua kuondoka kupitia milimani, na mkubwa wao akasema wagonjwa wasioweza kutembea wasiachwe nje, wasije wakaonyesha njia iliyofuatwa. Lugembe akawaambia wagonjwa kwamba ndani ya ghala kuna uji. Waliingia wenyewe, wengine kwa magoti.

“Walipoona navuta mlango walitoa mikono,” alisema. “Mikono ilikuwa mingi. Mlango haukufunga. Nilikuwa na panga.”

“Hili?” Eustace aliuliza, kwa upumbavu wa mtu aliyepigwa na butwaa.

“Jingine. Kisha mzinga ukalipuliwa, mawe yakaziba ngazi. Nikasema, Wabelgiji watawafungulia. Wabelgiji walipita, hawakuuona mlango. Mimi nilitoroka safari, nikarudi kesho yake.”

“Ukafanya nini?” Imakulata aliuliza.

“Walikuwa bado wanagonga.” Lugembe alitazama mikono yake. “Wangetoka wangelitaja jina langu kila mahali. Niliongeza mawe.”

Alimtazama Eustace, na kulikuwa na upendo fulani katika macho yake, upendo wa kuchukiza. “Nilipokuona unakuja njiani nilijua, ndugu yangu. Una paji la uso la Bernardo. Ningekukataa, ungepanda na mtu mwingine. Nikaona afadhali tuchanjane kwanza.”

Eustace aliinama pale pale juu ya mifupa, akatia vidole kooni, akajaribu kulitapika lile ini. Yalitoka maji tu. Alijaribu tena hadi macho yakawa mekundu. Kanisani alikuwa mwimbaji, akijua misa nzima kwa Kilatini, lakini tumboni mwake alikuwa Mnyamwezi, na tumbo ndilo lililoapa.

Imakulata alisikia mlio masikioni. Hasira yake haikuwa hasira ya kufikiri. Ilipanda kutoka magotini. Aliinyakua sururu, akapiga. Alikusudia kichwa, akapata bega, na mfupa wa bega la kulia la Lugembe ulivunjika kwa sauti ambayo wote waliisikia. Panga likaanguka. Lugembe alipiga ukelele, na ule ukelele ndio uliomwamsha Eustace.

“Dada, acha!”

Alimrukia dada yake, si adui yao. Akaipokonya sururu, akaitupa, akamkunja mkono nyuma. Imakulata alimng'ata bega hadi akasikia chumvi ya damu. Eustace akampiga kofi la uso, akamwangusha juu ya mifupa ya watu, akamkalia, huku analia kama mtoto: “Tumbo langu, dada! Umesikia kiapo! Akipigwa nikakaa, mkono wangu unakauka!”

“Amemuua baba!”

“Najua! Najua! Niache nife basi!”

Lugembe alikuwa ameliokota panga kwa mkono wa kushoto. Alisimama mlangoni, bega moja limening'inia, na hapo wazo moja likamfikia yeye na Imakulata kwa wakati mmoja. Katika chumba kile, mtu mmoja tu hakula ini. Huyo angeweza kumuua Lugembe bila tumbo kuvimba. Na Lugembe angeweza kumuua huyo.

“Wewe,” alisema, “wewe nilikusahau.”

Akamjia. Pigo la kwanza Imakulata alilikinga kwa mkono, na panga likaingia hadi kwenye mfupa. Damu ilimrukia Eustace usoni. Huo ndio wakati kijana yule alipofanya jambo pekee lililobaki kwa mtu aliyefungwa miguu na mikono: alisimama katikati. Hakupiga. Alipanua mikono tu, kifua wazi, kidonda cha chanjo kikimtazama aliyechanjana naye. Panga la Lugembe lilikuwa tayari juu. Likabaki juu. Mzee alitetemeka kama mtu aliyeshika mzigo mzito, alitaka na hakuweza, maana kiapo alichomfungia mwenzake kilimfunga na yeye.

“Ondoka, ndugu yangu,” alisema.

“Siondoki.”

Imakulata aliona kando yake mtaimbo waliouacha sakafuni walipoingia. Aliushika kwa mkono mmoja, mkono mzima, akaja kwa ubavuni mwa mdogo wake, na kupitia juu ya bega lake akampiga Lugembe utosini. Mzee alipiga magoti. Akampiga tena. Eustace alikuwa anapiga kelele neno moja ambalo hakulisikia. Akampiga mara nyingine, kwa ajili ya vile vidole, na mara nyingine kwa ajili ya yale mawe aliyoyaongeza, na nyingine kwa ajili ya ngozi ile sebuleni kwa mama yake, hadi mkono ulipochoka na mtaimbo ukadondoka wenyewe.

Kulikuwa na raha. Tusidanganyane, alisikia raha, tena kubwa, kifuani na mikononi, na kwa kitambo kidogo alisimama anahema na kutabasamu katika lile ghala.

Kisha akageuka kumtazama baba yake, na hakujua atazame wapi.

Mafuvu yalimtazama kutoka kila ukuta, yote na pengo lilelile. Nawajua wote, mmoja mmoja. Kila mmoja najua alipokaa. Aliyasikia maneno yale mara ya kwanza kwa masikio. Sasa aliyasikia kwa mwili mzima. Alijitupa chini kando ya Lugembe, akamshika mashavu.

“Yuko wapi? Baba yetu ni yupi? Mzee! Baba! Ni yupi?”

Lugembe alikuwa bado anapumua. Pumzi ilitoka na povu jekundu. Jicho moja lilikuwa limezibwa na damu, la pili lilikuwa wazi.

“Ndugu yangu,” Eustace alisema. Alikipakata kichwa kile kilichopasuka, akakifuta kwa shati lake. “Ndugu yangu, tuonyeshe. Kidole tu. Nitakuzika vizuri, nitakuimbia, naapa. Tuonyeshe.”

Jicho lilizunguka. Lilipita ukuta wa kulia, likapita wa mbele, likapita wa kushoto, polepole, kama la mtu anayewahesabu wanawe, na Imakulata alilifuata kwa kandili, akiliomba lisimame. Halikusimama popote. Lilirudi kwa Eustace, likabaki hapo, na baada ya muda walielewa kwamba halimwoni.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alizaliwa pale pale, akalia kwa sauti ya Imakulata. Aliutikisa mwili. Aliupiga makofi. Alimtukana maiti kwa Kiswahili na Kinyamwezi, akamwomba msamaha kwa lugha hizo hizo. Eustace alimwacha amalize, kisha akambeba Lugembe mgongoni hadi juu.

Alimzika yeye mwenyewe, kwa jembe na kwa kucha, karibu na jukwaa la mzinga, uso ukielekezwa upande wa ziwa. Baba yake akiwa bado chini gizani, alimfukia kwanza aliyemfungia huko, kwa sababu ndivyo alivyoapa. Alipomaliza akaimba wimbo wa wafu, wote, bila kuruka ubeti. Imakulata alikaa kwenye ngazi, mkono umefungwa kwa kipande cha khanga, anasikiliza sauti ile nzuri ikimwagwa juu ya mtu yule, na hakuwa na haki ya kusema acha.

Mifupa yote hawakuweza kuibeba. Imakulata alichukua mafuvu, yote, akayafunga kwenye ule mkeka wa mtu mmoja na kwenye gunia walilolikuta nyumbani kwa marehemu. Mahona walimwambia kwamba ukuta ulimwangukia Lugembe. Aliutazama mkono wa Imakulata, jeraha lililonyooka ambalo ukuta hauwezi kulikata, kisha akamwuliza Eustace kitu kimoja tu: kama amemzika nduguye kwa mikono yake. Eustace alisema ndiyo. Mahona akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kwake.

Katika treni Eustace alikwenda kukaa behewa jingine. Tangu kilimani hakumsemesha dada yake, na hakula. Kila kituo alikuwa akijishika tumbo na kulipapasa. Imakulata aliketi na mzigo wake kati ya miguu. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele yake alimwuliza kama amebeba maboga. Akasema ndiyo, maboga.

Nyumbani Tabora habari zilikuwa zimetangulia kwamba watoto wanarudi na mzigo. Majirani walikwisha chimba kaburi nyuma ya nyumba, moja. Apolinaria alikuwa ameoga, amevaa nguo mpya, amekaa juu ya ngozi yake kwa mara ya mwisho, kama alivyowaambia watu wote waliopita. Kitanda kilikuwa kimetandikwa chumbani, mlango wazi, ili akiinuka aende moja kwa moja.

“Shikamoo, mama,” Imakulata alisema.

“Marahaba, mwanangu. Mlete.”

Imakulata aliufungua mkeka mbele yake, kisha gunia. Wanawake waliokuwa tayari kupiga vigelegele na vilio walifunga midomo. Apolinaria alitazama, akaanza kuyachukua mafuvu moja baada ya jingine. Kila moja alilipakata, akapitisha kidole gumba kati ya meno ya mbele, akatabasamu, akalilaza kulia kwake, akachukua jingine. Kadiri alivyoendelea tabasamu lilipungua. Alipofika la mwisho alilishika muda mrefu.

“Yupi?” aliuliza.

“Sijui, mama.”

“Hamkupata hata mtu mmoja wa kuwaonyesha?”

Imakulata alikuwa na jibu tayari. Alilipanga tangu Malagarasi: kwamba walikuta ngome tupu, kwamba hakuna aliyebaki hai wa wakati ule, kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Alifungua mdomo alitoe.

“Alikuwepo,” Eustace alisema, akiwa amesimama mlangoni.

Mama aliliweka fuvu chini. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama binti yake, akautazama mkono uliofungwa khanga, akarudi usoni.

“Yuko wapi?”